Binti wa Mama Bucha Kaacha Nyama

Mimi ni muuza nyama. Wateja wananiita Mama Bucha, na jina hilo nalipenda. Kila asubuhi nafungua duka, nafuta meza, nanoa visu. Kazi hii ndiyo iliyomsomesha binti yangu.

Binti yangu ni mwamuzi wa mpira. Mtaani wanamwita Filimbi. Akipuliza, wanaume ishirini na wawili wanasimama! Nikimwona uwanjani kichwa kinanivimba. Sifichi, najivunia mwanangu.

Siku moja tukiwa mezani, Filimbi alisukuma bakuli la nyama pembeni.

"Mama, nimeamua. Sili tena nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nawaonea huruma wanyama. Mwaka mzima naogopa kukuambia."

Makubwa! Mtoto wa bucha! Nilikasirika, nikaumia pia. "Kwa hiyo kazi ya mama yako ni dhambi?"

"Hapana, mama. Kazi yako imenilea, naiheshimu. Nimechagua chakula changu tu."

"Haya," nikasema. "Wewe ni mtu mzima."

Tatizo ni kwamba sikujua kumpikia. Nyumbani kwetu chakula cha jioni ni nyama iliyobaki dukani, miaka nenda miaka rudi. Basi nilipika kama kawaida, nikapakua, nikaondoa nyama kwenye sahani yake. Akabaki na wali na kabichi kidogo. Asubuhi alikula mkate na chai ya rangi.

Wiki ya tatu nikajaribu maharage. Mimi na maharage wapi na wapi! Nikayapika kama ninavyopika maini: mafuta, moto mkali, dakika ishirini, mezani. Yaligonga sahani kama kokoto. Filimbi hakutaka kunivunja moyo, akayala. Kesho yake alishinda chooni.

Kisha ukafika mtihani wa mbio. Kila mwamuzi huzunguka uwanja mara kumi kwa muda uliopangwa. Asiyeweza hachezeshi mechi msimu mzima. Filimbi alisimama mzunguko wa saba, mikono magotini, anahema. Wakubwa wake walimpa nafasi moja ya mwisho, baada ya miezi miwili. Akishindwa, anarudisha filimbi yao.

Wateja wakapata la kusema. "Mama Bucha, mwanao kala majani mpaka kaishiwa pumzi!" Wakacheka. Mimi sikucheka. Jioni nikamwekea kipande cha nyama.

"Kula, mwanangu. Usije ukapoteza filimbi yako."

Machozi yakamlengalenga. "Bora nishindwe nikiwa mimi, mama. Usinilazimishe."

Nikaiondoa ile nyama. Niliona haya, jamani.

Jumamosi akaja dukani jirani yetu, mshauri wa lishe wa kituo cha afya. Kila Jumamosi hununua nusu kilo. Nikamweleza yote huku nakata.

"Mlete kituoni," akasema.

Tukaenda. Wakampima uzito, wakampima damu. Jirani akamuuliza anakula nini tangu asubuhi mpaka jioni. Kisha akaweka kalamu chini.

"Huumwi, dada. Una njaa."

"Njaa? Nyumbani kwangu?" Nilitamani ardhi inimeze.

"Pole, Mama Bucha. Uliondoa nyama, hukuweka kitu mahali pake. Ile nafasi ijaze. Maharage, dengu, kunde au soya, kila siku. Na ashibe. Anayekimbia anahitaji wali, viazi, karanga, parachichi, matunda. Kwa mifupa atumie ufuta, na maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu."

"Na damu je?"

"Dengu na mboga za kijani zina madini ya chuma. Kamulia limau, mwili utayapokea vizuri. Chai asinywe na chakula. Inayazuia. Asubiri kama saa moja."

Akainua kidole. "Hili msilisahau. Kuna vitamini inaitwa B12. Kwenye mimea huwezi kuitegemea. Mwili una akiba, kwa hiyo upungufu huja polepole, lakini huharibu damu na mishipa ya fahamu. Asiyekula kabisa vitu vya wanyama ameze vidonge vyake, au ale vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Nitawaelekeza kiasi. Na chumvi iwe yenye madini joto."

"Na yale maharage yangu?" nikauliza kwa sauti ndogo.

Akaangua kicheko. "Maharage si maini, jirani! Loweka usiku kucha. Mwaga maji, weka mengine. Yachemke kwa nguvu, kisha yapike mpaka yabonyee kwa kidole. Maharage mabichi ni sumu kwa tumbo."

"Isije ikawa na wewe unaacha nyama?"

"Mimi? Jumamosi niwekee nusu kilo yangu. Lakini mtu akichagua, tumsaidie achague vizuri."

Kuuliza si ujinga. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka sokoni. Muuza nafaka akashangaa. "Mama Bucha! Umepotea njia?"

"Nipimie maharage. Na usinipunje, mizani naijua kuliko wewe."

Usiku nikaloweka. Kesho yake nikapika bila haraka, nikaweka nyanya, vitunguu na karanga za kusaga. Filimbi akala, akaongeza, akakwangua sufuria. Baada ya wiki chache akawa anaamka kabla yangu kwenda mazoezini. Vidonge vyake niliviweka kando ya mswaki wake, asipate kisingizio.

Siku ya mtihani nilifunga bucha. Nilienda na aproni yangu nyeupe, na wateja wangu wakanifuata. Mzunguko wa saba nikashika moyo. Filimbi akapita mbele yetu bila kutuangalia. Wa nane. Wa tisa. Wa kumi akaumaliza wa pili kati ya wote, na muda ukabaki!

Nililia mbele za watu, na sijutii.

Walipomthibitisha, alikuja mbio akanivika filimbi shingoni. "Puliza, mama."

Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Uwanja mzima ukanigeukia, pamoja na wale waliocheka dukani.

"Huyu ni mwanangu!" nikasema. "Na maharage nimepika mimi!"