Hodi Moja ya Adhuhuri

Harufu ilianza Jumatatu. Ilikuwa ya makumbi ya nazi yaliyooza, yale yanayofukiwa ufukweni miezi kadhaa kabla ya kusokotwa kamba, na pale Malindi, mjini Unguja, hakuna anayefukia makumbi. Mwanakheir aliifuata kutoka ukumbini mpaka chini ya kitanda cha mwanawe Mize, akakuta sakafu kavu. Jumatano Mize, mtoto wa miaka saba asiyenyamaza hata akila, akaacha kusema.

Mwanakheir hakuwa mtu wa kungoja kuambiwa. Makumbi ni kazi ya Makunduchi, na nyumbani mwake mlikuwa na Mmakunduchi mmoja tu: wifi yake Wanu, mjane wa marehemu kaka yake, aliyekaa nao tangu mwaka wa Mapinduzi, miaka saba sasa. Wanu hakujaliwa mtoto, na alimpenda mno Mize. Basi Mwanakheir aliupekua mkeka wa wifi yake, akaupasua mto wake, akakuta sufi tupu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mumewe Simai, na siku hiyohiyo akamtoa Wanu mlangoni na furushi lake la nguo. Wanu aliomba tu amsomee Mize dua kama alivyomsomea kila jioni, akakataliwa. Tangu hapo Mize akaacha na kula.

Ijumaa aliitwa Mwalim Hija. Alimfunika mtoto shuka nyeupe, akafukiza ubani, akasoma, na harufu ya makumbi ikaushinda ubani, ikajaa chumba kizima, ikawaingia puani na kooni, huku shuka ikipanda na kushuka kwa pumzi nzito zisizoweza kutoka kwenye kifua kidogo kama kile.

"Nani kakutuma?" aliuliza Mwalim.

"Sikutumwa. Nlipiga hodi, nkakaribishwa."

"Na nani?"

Chini ya shuka ikatoka sauti ya Mwanakheir mwenyewe, tulivu, ya mama wa nyumba aliyeshughulika: "Karibu, pita ndani, hapa kwako."

Hapo Mwanakheir akakumbuka. Jumatatu adhuhuri alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, akimngoja jirani aliyekwenda foleni ya unga. Hodi ilikuja mara moja tu, na wazee walimkanya tangu utotoni: binadamu hupiga hodi tatu, hodi moja usiijibu mpaka umwone mwenyewe. Yeye alijibu bila kuinua kichwa, na hakuingia mtu. Aliona aibu iliyomuuma kuliko hofu.

Mwalim alikusanya vitu vyake. "Angetumwa ningemrudisha, Bi Mwanakheir," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu umempa nyumba kwa kinywa chako. Aliyekuwa akimzuia ni yule uliyemfukuza. Kamtafute, mtoto hana siku nyingi."

Alfajiri Mwanakheir alimwacha Mize na baba yake, akapanda gari la Makunduchi. Alimkuta Wanu anaponda makumbi, akampigia magoti mbele za watu. Wanu alinawa mikono. Alisema anakwenda kwa ajili ya Mize, si kwa ajili yake.

Walifika Malindi adhuhuri. Mlango ulikuwa wazi, na Simai ameketi barazani nje, hawezi kusema alitokaje. Ndani ilisikika nazi ikikunwa, taratibu, bila kupumzika. Wanu, ambaye hapakuwa kwake tena, akasimama kizingitini akapiga hodi. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu.

"Karibu, wifi," ikajibu sauti ya Mwanakheir kutoka ndani. "Pita. Hapa kwangu."

Wanu akageuka kumtazama Mwanakheir aliyesimama kando yake, mkono kwenye kinywa kilichoitoa nyumba.