Pumzi ya Kupozea Chai

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kwa fundi cherehani kuchukua gauni la marehemu.

Ndiyo, la marehemu, mke wa kwanza wa mume wangu. Gauni la kijani, lilipelekwa likapunguzwe limtoshe binti yake, Kibibi. "Lifike leo," mume wangu aliniambia. "Kesho mtoto avae kitu cha mama yake." Nikaitikia, "Haya, Baba Kibibi," huku roho inaniuma.

Sifichi, nina wivu. Mke mwenza aliye hai mtagombana, mtasutana, yataisha. Wa kaburini utamsuta wapi? Hakosei, hazeeki, haunguzi nguo kwa pasi. Kila nikigeuka ndani ya nyumba ile, marehemu alifanya hivi, marehemu alipenda vile. Waliosema kuku mgeni hakosi kamba mguuni hawakukosea. Kamba yangu ilikuwa kikombe cha chai.

Kibibi hakuwa anakunywa chai yangu. Namwekea, anautazama mvuke, anakisukuma kikombe. "Ya moto, Mama mdogo." Nasubiri ipoe. "Sasa ya baridi." Marehemu alikuwa anampozea, lakini anampozea vipi, mtoto hasemi. Na mimi katika nyumba ile nilitaka kitu kimoja tu: siku moja aniite Mama, bila hiyo "mdogo" yake.

Halafu kulikuwa na moyo wangu. Wivu ukinipanda, moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, koo linabana, jasho linanitoka hata kwenye baridi. Daktari alinipima akasema, "Moyo wako mzima, mama. Huo ni wasiwasi." Wifi yangu akabetua mdomo. "Wasiwasi gani wa kutetemesha mikono? Umetupiwa kitu wewe."

Fundi alikuwa ghorofani. Nilichukua gauni, nikaaga, nikaanza kushuka ngazi. Katikati, umeme ukakatika.

Giza.

Gauni lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, lakini lilinukia nywele za mtu. Nywele zilizopakwa mafuta asubuhi ile ile...

Moyo ukaanza. Du. Du. Dududu... Vidole sivihisi. Koo limefunga. Nikakaa chini palepale kwenye ngazi, nimekumbatia gauni la mwanamke nisiyempenda, nikajua nakufa.

"Usipigane nao."

Sauti ya kike. Ya kunong'ona. Karibu na sikio langu.

"Vuta kidogo... Sasa toa. Polepole. Kama unapoza chai ya mtoto."

Nikatoa pumzi. Fuuu...

Pembeni yangu, mtu akavuta.

"Tena," akasema.

Nikatoa tena, naye akavuta tena. Moyo ukashuka taratibu, vidole vikarudiwa na uhai. Jamani, sikuwahi kutulia vile tangu niolewe! Nikageuka nimshukuru. Mwanga wa tochi ukanimulika kutoka juu.

"Shemeji, unaongea na nani?" Alikuwa fundi.

"Na huyu mama aliyekuwa hapa."

Akacheka. "Mama gani? Huku juu tumebaki mimi na cherehani yangu." Kisha akaona nilipokaa, kicheko kikamkauka. Akashuka kidogo. "Marehemu alikuwa anakaa hapohapo. Moyo ukimbana, anakaa, anapuliza, anapuliza, halafu anaendelea na safari yake. Mara ya mwisho alipita ametulia... Nikamtania kwamba leo umepona. Asubuhi yake tukaletewa habari ya msiba."

Mwenye akili angelitupa gauni lile jalalani. Mimi nilibeba neno moja tu hadi nyumbani. Chai.

Nilimimina, nikainama, nikapuliza. Polepole. Kibibi akainua kichwa. Akanitazama kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua. Akanywa yote.

"Asante, Mama."

Wee! Nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha. Nikasema moyoni, umeonaje sasa, wewe wa kaburini?

Tangu hapo, moyo ukinianza, nakaa na kutoa pumzi. Unatulia. Na kila nikitoa, pembeni mtu anavuta. Nilijiambia ni upepo. Mume wangu akaanza kurudi mapema, anakaa karibu yangu. "Siku hizi umetulia," alisema jioni moja. "Unanikumbusha..." Alikuwa anautazama mkono wangu uliokuwa unamimina chai.

Ulikuwa wa kushoto.

Situmii mkono wa kushoto, na sijawahi.

"Nani alikuwa anatumia kushoto humu?" nikamuuliza. Akainuka, akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Marehemu hakuwa ananifundisha kupumua. Alikuwa anavuta ninachotoa. Ananimaliza kidogo kidogo, na palipobaki wazi anaingia yeye. Yule mtoto hakuniita Mama mimi.

Nikaacha. Moyo ukinianza, nauacha. Nikitetemeka, natetemeka. Nilikaa kitandani, meno yanagongana, jasho linanitiririka, nikasema kwa sauti, "Dunda! Dunda unavyotaka. Wewe ni wangu." Ukadunda weee, mwisho ukachoka wenyewe. Haukuniua. Daktari alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa mzima. Mkono wa kulia ukarudi kazini.

Jioni iliyofuata Kibibi alikaa mezani na gauni lake la kijani. Nikamwekea chai. Sikupuliza.

Akautazama mvuke. Akakisukuma kikombe.

"Ya moto, Mama mdogo."

Neno lile liliniingia kama sindano. Nikakaza meno. "Itapoa, mwanangu. Subiri."

Mvuke ukalala upande.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Chai ikafanya viwimbi vidogo, vikaenda hadi ukingoni mwa kikombe... Fuuu... Harufu ya nywele ikanipita shingoni.

Kibibi akatabasamu. Hakunitazama mimi. Alitazama juu kidogo ya bega langu.

"Asante, Mama."

Ningembeba mtoto nikatoka mbio. Ningepiga kelele majirani waje. Najua. Moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni, wangu mwenyewe, mzima kabisa. Lakini haki ya Mungu, sikusikia hofu. Nilisikia wivu. Niliona tabasamu lile linapita bega langu kwenda kwa mwingine, nyumbani kwangu, mezani kwangu, kwenye chai niliyoichemsha mimi.

Nikamnyang'anya kikombe kabla hakijagusa mdomo wake.

Nikapuliza.

Nikapuliza pumzi yote niliyokuwa nayo. Nyuma yangu mtu akavuta... akavuta... akavuta, kama aliyekuwa na kiu ya siku nyingi.

Kibibi akapokea kikombe, akanywa. Safari hii alinitazama machoni.

"Asante, Mama."

Moyo ukatulia. Vidole vikatulia. Nikaweka kiganja kifuani, mkono wa kushoto uliotangulia wenyewe, nisikie moyo unavyodunda.

Nikangoja.

Bado nangoja.