Abiria Waliosalia

Mwendesha tingatinga alirudi nyumbani jioni akakuta viti vyote vya nyumba viko sebuleni, vimegeuzwa kuelekea mlangoni. Vya meza ya chakula, kigoda cha jikoni, hata kile kibovu cha kuegemeza ukutani, vyote vimepangwa safu mbili. Alicheka peke yake, akaketi avue buti. Kiti kilikuwa na joto, kana kwamba mtu amenyanyuka sasa hivi.

"Mke wangu, leo tulikuwa na wageni?"

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. "Wageni gani? Tangu mnifukuzishe kazi, nani wa kunitembelea mimi?"

Huo ndio uliokuwa utani wao siku hizo. Mke alikuwa mtangazaji wa uwanja mdogo wa ndege, ile sauti iliyowaita abiria. Halmashauri ilipoufunga ili eneo la viwanda lipanuliwe, kampuni iliyopewa kazi ya kuubomoa ikamwajiri mume. "Mkono mmoja unanilisha, mwingine unanichimbia," mke alizoea kusema huku akimpakulia chakula. Lakini jioni ile hakutania zaidi. Alivitazama viti, akasema taratibu, "Mimi nilidhani ni wewe uliyevipanga."

Kesho yake ikaja harufu. Mafuta ya ndege hayanuki kama dizeli, na mume aliijua harufu ile kwenye nguo za mkewe kama alivyoijua ya nywele zake. Sasa ilikuwa kwenye mapazia, kwenye mito, ndani ya maji ya kunywa. Alasiri, wakati ambao zamani ndege ya mwisho ya siku ilikuwa ikiondoka, mke aliacha kisu juu ya mboga, akaenda kufungua mlango, akasimama kando kama anayepisha watu. Pazia likasukumwa kuelekea ndani, likarudi, likasukumwa tena, na tena, na nje majani ya miti yalikuwa yametulia tuli.

"Unafanya nini?" mume aliuliza.

"Wanaingia," alisema, kisha akamtazama kama mtu aliyeamshwa. Mikono yake ilikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi.

Ikawa hivyo kila alasiri. Sauti yake, ile iliyokuwa ikijaza jumba zima la abiria, ilipungua hadi ikawa mnong'ono, na mwili ukawa unapungua nayo. Hatimaye alimweleza mumewe. Siku ya kufunga, baada ya hotuba za maendeleo na ndege ya mwisho kuruka, wafanyakazi walibaki ukumbini wakilia na kutaniana. Yeye akashika maikrofoni kwa mzaha: "Abiria wote mliosalia, tafadhali njooni mlangoni. Mnaitwa kwa mara ya mwisho." Wenzake wakacheka. Kisha mlango wa vioo, ule unaojifungua mtu anapoukaribia, ukafunguka wenyewe na kukaa wazi muda mrefu sana.

"Sasa wananiuliza tunaondoka lini," alinong'ona. "Nitawajibu nini?"

Mume akamleta mganga, mama mmoja mnene aliyeingia akilalamikia magoti. Alipofika sebuleni alivitazama viti. Hakuketi.

"Mmejaza nyumba, wanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Pepo aliyevamia namfukuza. Hawa sina dawa yao, wamekaribishwa. Pale uwanjani walikuwa wakikaa zao, hawamsumbui mtu. Jumba linavunjwa lini?"

"Kesho," mume alisema. "Nalivunja mimi mwenyewe. Msimamizi kishatoa amri."

"Likivunjwa wakiwa ndani, watatawanyika waende zao. Likivunjwa wakiwa hapa, hawatakuwa na kwao pengine ila kwa huyu." Alimwonyesha mke kwa kidevu. "Na hivi alivyo, hawezi kuwabeba. Atakufa, baba, tusidanganyane. Aliyewaita awarudishe kwa mdomo ule ule, leo hii."

Wakapanda pikapu, wote watatu kiti cha mbele. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Umeme ulishakatwa, kwa hiyo mume alichomoa betri ya tingatinga akaiunganisha na kipaza sauti, nyaya zikatoa cheche, na alipoinua kichwa aliona vumbi la sakafuni, lililokuwa limelala laini kama unga, likibonyea kidogo kidogo kuanzia mlangoni hadi kwenye benchi, nyayo baada ya nyayo, na mabenchi ya chuma yakaanza kulia moja baada ya jingine kama yanavyolia watu wazito wanapoketi, na harufu ya mafuta ikawa nzito kiasi kwamba machozi yalimchuruzika, na katikati ya yote hayo mkono wa mkewe ndani ya wake ulikuwa baridi, mwepesi, kama glavu isiyo na mtu.

"Sema safari imefutwa, warudi kwao," mganga alinong'ona. "Halafu ufunge mdomo."

Mke alivuta pumzi. Sauti ikamrudia yote, ile ya zamani, tulivu na tamu.

"Abiria wapendwa. Safari imefutwa. Rudini kwenu."

Mabenchi yakatulia. Harufu ikakatika. Mume alihisi joto likipanda kwenye vidole vya mkewe, akavibana, machozi yakimtoka bila aibu. Naye mke akatabasamu, na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukamalizia kama ulivyomalizia kila tangazo:

"Asanteni kwa kusafiri nasi. Karibuni tena."

Mganga alifumba macho. Kisha akaweka mtandio wake vizuri na kutoka nje, akalipita gari bila kuligusa.

"Mama, panda tukurudishe," mume alimwita.

"Nitatembea, mwanangu."

Mume alimfungulia mkewe mlango wa mbele, akazunguka kwenye usukani. Kabla hajawasha, pikapu ilizama kidogo upande wa nyuma. Ikazama tena. Springi zililia, zikanyamaza, zikalia, mpaka bodi ikakaribia kugusa matairi.

Mkewe alikuwa ametazama mbele, mikono imekunjwa mapajani.

"Endesha polepole," alimwambia. "Kuna waliosimama."