Mifuko Mitatu ya Fundi Nassibu

Kila asubuhi Zuwena alifagia kibanda cha mumewe mbele ya nyumba yao, mtaani Kambarage, ingawa fundi hakuwepo. Baiskeli nne zilimngoja Nassibu. Yeye alikuwa chumbani, amelala chali, mlango umefungwa.

Mwezi uliopita alipasuliwa utumbo huko Mwanza. Daktari alimwekea tundu tumboni, choo kipitie hapo na kuingia katika mfuko unaonata. Aliruhusiwa na mifuko kumi na miwili. Sasa ilibaki mitatu.

"Fundi!" aliita Januari kutoka nje, mchimbaji wa dhahabu huko Bugarama mwenye baiskeli mojawapo. "Mbona umejifungia ndani? Umekuwa mwali?"

Zamani Nassibu asingekosa jibu. Leo aligeukia ukuta.

Zuwena aliingia na uji.

"Sili," alisema Nassibu. "Nikila, mfuko unajaa. Ikiisha hii mitatu, nitaweka nini?"

"Siku ya tatu hii, Baba Mwaisha. Utakufa njaa, mifuko ibaki."

Zuwena alifunua shuka. Ngozi kuzunguka tundu ilikuwa imebabuka, inatoa maji. Chini ya kitanda aliona kopo la gundi ya viraka vya tairi.

"Umejipaka hii?"

"Niliufua mfuko, ukakataa kunata. Ningefanyaje?"

Zuwena alijitanda kanga, akaenda zahanati mbiombio. Alirudi na Paskalina, muuguzi mtu mzima.

"Shikamoo, dada," Nassibu alinong'ona, shuka kidevuni.

"Marahaba. Funua, fundi. Mimi nimeona matumbo mengi kuliko wewe ulivyoona tairi."

Aliinama, akaangalia.

"Tundu lenyewe ni jekundu na lina unyevu. Ndivyo linavyotakiwa. Likigeuka jeusi, kimbilieni hospitali saa hiyohiyo. Ila gundi hii inakuchoma. Tumbo si tairi."

Alimwonyesha Zuwena namna ya kuosha kwa maji safi, kukausha kwa kitambaa laini bila kusugua, na kukata mdomo wa mfuko ulingane na tundu, ili choo kisiguse ngozi.

"Mifuko ikichelewa, tumia mfuko safi wa nailoni. Ufunge kwa mkanda wa kitambaa, ubadilishe mara kwa mara. Lakini kula, fundi. Kidogo kidogo, na maji mengi. Haya, barua uliyopewa hospitali ukiruhusiwa iko wapi?"

"Ile ya kuonyesha getini wakati wa kutoka?" Zuwena aliitoa chini ya godoro.

Paskalina aliisoma. "Getini! Humu mna kipimo cha mfuko wako na jina la wodi. Kwa barua hii ungeomba mingine tangu juma la kwanza."

Palepale aliandika ombi. Zuwena alilipeleka stesheni, akamkabidhi shemeji yake Shaaban aliyekuwa akipanda treni ya Mwanza.

Mfuko wa kwanza uliisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu ulipoanza kubanduka, Zuwena alishona mkanda. Waliutumia mkanda ule na mifuko ya nailoni siku nne. Siku ya tano Shaaban aliingia na boksi la mifuko kwapani.

Ngozi ilikuwa imeanza kukauka. Nassibu alimaliza ugali wote. Kisha akaomba kopo la gundi. Zuwena akashtuka.

"Tulia, mama." Alibandika kiraka chekundu katikati ya ubavu wa boksi. "Mifuko ikishuka hadi hapa, barua iende Mwanza. Tusingoje mitatu."

Alivaa shati, akafungua mlango.

"Januari!" alimwita mchimbaji aliyekuwa akingoja kibandani. "Naanza na baiskeli yako. Mwali ametoka."