Una Uhakika Unataka Kuniondoa?

Lilikuwa kosa la silabi moja tu, na mtu mwingine asingeliona, lakini Anisia alisoma mpaka kidato cha nne na Kiswahili ndilo somo pekee alilopata A, kwa hiyo yeye aliliona.

Alikuwa dukani kwake Ushirombo, duka dogo la steshenari, saa nne asubuhi, anaisafisha kompyuta mpya aliyoletewa na mumewe kutoka Geita. Kompyuta mpya huja na wageni ambao hukuwaalika: michezo ya karata, programu ya hali ya hewa ya mji wa ng'ambo, kinga ya virusi inayokubembeleza ujisajili kila ukifumbua jicho. Wanajaza nafasi, mashine inakuwa nzito kama mtu aliyeshiba ugali wa muhogo. Alishaondoa tano. Kila mara mashine ilimuuliza, Una uhakika unataka kuiondoa? naye akabofya Ndiyo, yakaisha.

Ya sita haikuwa na picha wala tarehe. Jina lake herufi moja tu: S. Alipoipelekea kishale ikauliza:

Una uhakika unataka kuniondoa?

Ku-ni-ondoa.

"Hata Kiswahili hawajui, jamani," alimwambia Loveness, binti yake wa mwaka mmoja na miezi minane, aliyekaa mkekani anachana fotokopi zilizoharibika. Anisia akacheka. Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili. Kimoja Ndiyo. Cha pili hakikuwa Hapana. Kilikuwa Bado.

Akabofya Ndiyo.

Kilichotangulia ni harufu. Udongo mbichi, udongo wa chini kabisa, ule unaoganda kwenye nguo za mumewe, Donatus, akirudi kutoka machimboni, na huo ulikuwa mwezi wa nane, mvua haijaonekana tangu Mei. Kisha kugonga. Ko. Ko. Ko. Polepole, chini ya sakafu ya saruji, kama mtu anayegonga mwamba kwa jiwe kuuliza kama huko juu kuna watu.

Jioni Loveness akakinyooshea kidole kikombe, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Sema maji, mama. Ma-ji."

Hakusema. Na alikuwa analijua hilo neno! Alikuwa na maneno yake sita, Anisia ameyahesabu kama mama yeyote wa mtoto wa kwanza: maji, kuku, pipi, bibi, baba, mama. Kesho yake kuku akapita mlangoni, mtoto akamtazama kama kitu asichowahi kukiona. Siku ya tatu ikaenda pipi, na siku hiyo Anisia akaifungua kompyuta, akaenda kwenye orodha ya programu, na pale ambapo pangekuwa na programu akakuta yameandikwa maji, kuku, pipi, na mbele ya kila neno: Imeondolewa. Chini yake yanasubiri zamu bibi, baba, mama. Na mwisho kabisa wa orodha, neno la saba, ambalo si la kusema: pumzi.

Alipiga simu Geita.

"Baba Loveness, hii kompyuta uliitoa wapi?"

"Si nilikwambia? Bosi Nestory kanipa. Asante ya kazi."

"Kazi gani?"

Donatus akaanza kuuliza habari za duka.

"Boksi lilikuwa na gundi juu ya gundi, Baba Loveness. Kuna mtu alilifungua kabla yetu."

"Mambo mengine si ya kwenye simu," alisema, sauti chini. "Nakuja."

Alifika Jumamosi. Neno bibi limeshaondoka, baba limeshaondoka. Loveness alimkimbilia, akasimama mbele yake, midomo inahangaika, halafu akarudi kwa mama yake akaficha uso kwenye kanga.

Saa tisa alasiri walikuwa wote sebuleni, na Mama Monika, mama mzazi wa Donatus, alikuwa amekaa kwenye kigoda akiitazama ile kompyuta mezani, imeletwa kutoka dukani. Chaja haikuchomekwa, kifuniko kimefungwa, na bado feni ya ndani ilikuwa inalia, inapanda, inashuka, inapanda.

"Hiki kitu kinalia," alisema bibi.

"Ni feni tu, mama," Donatus akajibu.

"Feni nini! Nimezaa watoto tisa, nimelea tisa, leo ndiyo nisijue kilio? Huyu analilia jina."

Kwao mtoto asiyenyamaza huitiwa majina ya waliotangulia, moja moja, na akilisikia lake hutulia. Bibi akanawa mikono, akasogeza kigoda. "Ni wewe, Otmar? ... Ni wewe, Sesilia, mama yangu? ... Serafina, ni wewe, ng'wanone, mwanangu?" Na kwa kila jina kilio kilipanda, na harufu ya udongo ikawa nzito mpaka Anisia akahisi mchanga kwenye meno, na chini ya miguu yao ko, ko, ko, si polepole tena, kwa haraka, kwa hasira, mpaka vikombe vikacheza kabatini na picha ya harusi ikaning'inia upande na Loveness akamng'ang'ania mama yake shingoni bila sauti yoyote, mtoto analia na sauti hakuna, na hapo ndipo hofu ya Anisia ilipogeuka kuwa kitu kingine.

"Donatus!" Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina mbele ya mkwe. "Nani alikufa huko? Uliwafanyia nini watu?"

"Sikujua!" akapiga kelele. "Haki ya Mungu, sikujua!"

Feni ikanyamaza. Ghafla, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Bibi akageuza shingo taratibu. "Rudia ulichosema."

Uso wa Donatus ulikuwa umekuwa wa majivu, na Anisia aliusoma kabla hajafungua mdomo.

"Ni jina," Anisia alinong'ona, ile herufi S ikimjia. "'Sikujua' ni jina la mtu."

Donatus akateleza ukutani mpaka chini. Alisema akiwa ameinama, sauti ya mtu anayeungama. Huyo Sikujua alikuwa binti wa Ushetu, anawapikia wachimbaji. Mwanamke haruhusiwi kushuka duarani, shimo la kuchimbia, wanasema dhahabu inakimbia, lakini siku ile vijana walikuwa na kiu akashuka na dumu la maji, matimba yanayoshikilia kuta za shimo yakakatika. Donatus ndiye aliyeshika daftari la majina ya wanaoshuka.

"Bosi akasema wakijua kuna mwanamke chini, duara linafungwa. Nikamfuta jina. Wakaguzi walipokuja nikawaambia wote wametoka. Wakafukia."

"Alikuwa amekufa?" bibi akauliza.

"Siku ya pili ile."

"Nimekuuliza, alikuwa amekufa?"

"Bado," Donatus akasema. "Bado alikuwa anagonga."

Kisha bibi: "Kumbe bosi wako kaenda kwa mganga, kakufungashia wewe mzigo wake. Simama. Nenda polisi, halafu Ushetu, ukawaambie wazazi wake alipo mtoto wao."

"Watanifunga, mama."

"Mtoto wako anafutwa!"

"Watoto wengine huchelewa kusema tu. Tutamtafutia mtaalamu."

Kwenye kanga Loveness akavuta pumzi. "Ma," akasema. Akajaribu tena. "Ma." Nusu ya pili haikuwepo.

Kifuniko cha kompyuta kilikuwa kimeinuka. Kwenye kioo, neno mama lilikuwa linaliwa na mstari wa kijani, taratibu. Chini yake pumzi. Na katikati ya kioo, swali jipya, lisilo na kosa lolote:

Donatus. Una uhakika unataka kumwondoa?

Ndiyo. Bado.

"Anisia. Mke wangu, usiguse hiyo kitu."

"Unakwenda Ushetu?"

Alitazama mlango. Alitazama pikipiki nje. Hakumtazama mtoto.

"Nipe muda kidogo," alisema. "Bado."

Anisia akabofya Ndiyo.

"Mama!" Loveness alisema.

Jumatatu Anisia alipanda gari kwenda Ushetu mwenyewe. Aliwaambia wazazi wale alipo binti yao, akaenda nao polisi, akaandikisha jina. Aliporudi alimkuta bibi anachambua maharage uani, Loveness anamfukuza kuku kwa jina lake.

"Mama," Anisia alisema, "Donatus..."

"Donatus ndiye nani, ng'wanone?" Bibi alimtazama kwa huruma. "Nimezaa watoto wanane, huyo hayumo."

Dukani aliandika jina la mumewe kwenye kompyuta. Mstari mwekundu ukajikunja chini yake, kama neno lisilokuwepo duniani. Akaandika Sikujua. Halikupigiwa mstari. Alikaa akisubiri majuto yamjie; hayakuja.

Akalileta boksi, na gundi mpya. Juu yake akaandika: Bosi Nestory, Geita. Asante ya kazi. Alipotaka kuizima mashine, swali likatokea mara ya mwisho, na lile kosa lake la silabi moja.

Una uhakika unataka kuniondoa?

Anisia akabofya Bado.