Ngozi ya Kiti cha Fredy

Jumanne ile Bunda ilikuwa na shughuli zake za kawaida. Wenye pamba wanalalamikia bei, wenye mbuzi wanabishana na madalali, na Silasi yuko nyuma ya nyumba yake anaosha gari la marehemu mdogo wake. Aliliosha kwa mapenzi yote. Fredy alipokuwa hai, Silasi hakuwahi hata kumshikia ndoo ya maji, na gari lenyewe alikuwa akiliita jeneza la bati. Leo kalishika kama yai. Binadamu ana mambo!

Lilikuwa gari la Kitaliano, Alfa Romeo Spider nyekundu ya mwaka 1996, milango miwili, paa la kufunua, na puani nembo ya nyoka anayemmeza mtu. Fredy alikuwa fundi magari pale Musoma. Alilinunua likiwa gofu kutoka kwa mkandarasi wa kigeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, akalikusanya kipande kwa kipande kwa miaka tisa. Taa ilitoka Nairobi, kioo kikatoka Durban, bomba la moshi akalisubiri miezi saba. Watu walimcheka, wakamwambia barabara za Mara zinataka Land Cruiser, yeye anahangaika na kiatu cha harusi. Yeye akaendelea kukaza nati. Jioni, kazi ikiisha, aliingia humo akakaa tu, mikono kwenye usukani, na jasho la kutwa nzima likazama kwenye ngozi ya kiti. Kiti cha dereva kilikuwa kimeshika hata umbo la mgongo wake.

Mwezi wa nne alikwenda kisiwani kutengeneza injini ya mtumbwi. Upepo ukawakuta njiani. Wenzake wawili waliokolewa, lakini Fredy ziwa halikumrudisha.

Mama yao, Wankyo wa Mwitongo kule Butiama, alingoja siku arobaini, kisha akasema mwanawe azikwe. Kwao, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa mgomba. Shina linakatwa kwa urefu wake, linavishwa sanda, linalazwa kwenye jeneza, na kaka mkubwa anasimama kaburini kumwita marehemu kwa jina mara tatu, arudi nyumbani. Lakini lazima shina lifungwe kitu chenye jasho lake. Mgomba hauna masikio, mama alisema, kinachosikia ni jasho. Nguo za Fredy zilishagawiwa na mwenye nyumba wake wa Musoma, kwa hiyo kilichobaki duniani chenye jasho lake ni kile kiti. Mama akamwagiza Silasi akate kipande cha ngozi, kama kiganja cha mkono tu, amletee.

Kiganja tu. Gari lenyewe hakuliomba.

Tatizo, Silasi alishapata mteja. Mama mmoja wa Arusha, jina lake Prudence, mkusanyaji wa magari ya Kitaliano ya zamani kidogo, alikuwa ameona picha na kutoa sharti moja: kila kitu kiwe kilekile kilichotoka kiwandani. Kiti kikiwa na kiraka, haji. Na Silasi alikuwa mtu ambaye pamba imemwangusha misimu mitatu. Zaidi ya hapo, tangu utotoni alikuwa na kinyongo kwamba mama anampenda Fredy kuliko yeye. Akajiambia kwamba aliyekufa hana haja na kiti.

Basi akaenda kwa Bernado, fundi viti wa karibu na stendi ya Bunda, akaomba kipande cha ngozi ya kahawia, kikuukuu, kilichokaliwa hasa. Bernado akapekua gunia lake akakitoa. Silasi akakinusa. Kilinuka jasho. Akaridhika, akakitia mfukoni.

Kesho yake, Jumatano, walizika kule Butiama, pembeni ya uwanja wa mama. Wankyo alikipokea kile kipande kwa mikono miwili, akakiweka shavuni, akafumba macho muda mrefu. Naomi, mke wa Silasi, alitazama chini, maana asubuhi ileile alikuwa amekiona kiti cha gari kikiwa kizima. Alijua, akanyamaza, na kunyamaza kwake tutakuja kukuona. Kipande kikafungwa kwenye mgomba kwa kamba ya katani. Silasi akasimama ukingoni mwa kaburi akaita, "Fredy, rudi nyumbani." Mara ya kwanza sauti ilitoka vizuri. Mara ya pili ikakwama kidogo. Mara ya tatu aliita huku anatazama saa, kwa sababu Prudence alikuwa anafika Bunda saa kumi.

Prudence alikuja na glavu nyeupe. Alipapasa kila mshono, akafika kwenye kiti cha dereva, akasita. Kina unyevu, alisema. Silasi akajibu kuwa ni maji ya kuoshea, ingawa gari lilioshwa jana na siku nzima lilikuwa limeshinda juani. Wakapeana mikono. Gari likapandishwa kwenye lori la kubebea magari, likaondoka, na pale lilipokuwa limesimama pakabaki dimbwi dogo la maji.

Siku ya nane baada ya mazishi mama alipiga simu.

"Silasi, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Amekuja."

Alikuwa amekuja saa saba mchana, jua la utosi, mama yuko jikoni anasonga ugali. Aliingia, akakaa kwenye kigoda, hakusema neno, akala. Mama hakumtazama usoni, kwa sababu kwao aliyeitwa akarudi hatazamwi usoni mpaka azoee. Ila alimwona miguu, na ile miguu ilikuwa na viatu vya ngozi vizuri sana. Silasi akasema ni jambo jema, akakata simu. Fredy hakuwahi kuvaa kitu kingine zaidi ya kandambili za tairi.

Siku ya kumi mama aliomba unga. Sasa walikuwa wanakuja watatu. Fredy alikuwaga na marafiki, mama alisema, na hakuona ajabu. Siku ya kumi na mbili akaomba debe zima. Sasa wanakuja kumi na wawili, na mmoja wa kike ana mtoto mgongoni. Wanakula harakaharaka, wanatazamatazama barabarani, halafu wanainuka wote kwa pamoja.

Silasi alikwenda Butiama mwenyewe, na alifika saa nane. Uwanja ulikuwa umefagiwa asubuhi, na juu ya mistari ya ufagio zilikuwepo nyayo. Viatu vya kiume. Visigino vya kike. Kandambili. Zote zilitoka kaburini kuelekea jikoni. Za kurudi hazikuwepo. Jikoni sahani zilikuwa zimepangwa mbilimbili, tupu, na mama anazikusanya huku anaimba kwa sauti ndogo. Alikuwa amekonda mpaka shingo imebaki mishipa. Chakula chote kile, yeye mwenyewe hakikuwa kinamfikia.

Mwanamume mwenye moyo angeungama palepale. Silasi akamwachia mama noti mbili za unga, akageuza, akaenda moja kwa moja kwa Bernado. Njia ya mwongo fupi, ila yeye alikuwa bado anaitafutia mchepuko.

Alimuuliza ile ngozi ilitoka wapi. Bernado akatazama huku na huku.

"Kwenye basi," alinong'ona. "Lile lililopinduka mwaka juzi, likaua watu. Viti vyake niliviokotaga kwenye vyuma chakavu. Si ulitaka kilichokaliwa?"

"Lilipinduka saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Wanasema walikuwa wamebakiza kilomita mbili tu wasimame kula."

Silasi alimpigia Prudence. Akamwambia anahitaji kile kiti, hata kipande chake tu, na yuko tayari kurudisha hela yote. Prudence alicheka kicheko kikavu. Alisema kiti kilikuwa kinalowa kila asubuhi, ndani ya gereji kavu yenye sakafu ya vigae, kikinuka samaki wabichi. Amekikausha, amekipaka dawa, kimemshinda. Juzi amekivua ngozi yote, akaichoma. Silasi akachuchumaa pale stendi katikati ya watu. Jasho la Fredy, lote lililokuwa limebaki duniani, lilikuwa limekwisha kuwa moshi wa Arusha, na hakuna tena kitu cha kumwitia.

Jioni hiyo mama alipiga simu. Safari hii hakunong'ona.

"Leo nimewatazama usoni. Nimewauliza majina, mmoja mmoja, nikiwapakulia. Fredy hayumo."

Silasi akaigandamiza simu sikioni.

"Mwanangu yuko ziwani bado, anangoja kuitwa. Uliniletea jasho la nani, Silasi?"

Naomi alikuwa karibu, anasikia yote, na machozi yanamtoka kwa hasira, kwanza hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

"Wamechoka," mama alisema. "Wanamuulizia aliyewaita. Wanataka awapeleke kwao. Nimewaambia anakaaga Bunda."

Akakata simu, na tangu hapo hakuipokea simu ya Silasi tena.

Kesho yake Naomi alifagia uwanja mapema, kama kila siku. Kabla ya saa saba akafunga milango yote kwa komeo, akamkalisha mumewe kwenye kochi, akakaa ubavuni mwake. Akamshika mkono. Nje jua lilikuwa kali. Hakuna aliyebisha hodi. Mbwa hawakubweka. Silasi alisinzia. Kichwa kikamwangukia begani mwa mkewe, na Naomi akazidi kumshika, vidole vikafa ganzi, hakumwachia hata dakika moja.

Saa nane akasimama, akachungulia dirishani.

Uwanja ulikuwa mtupu. Kwenye vumbi palikuwa na alama za watu waliokaa chini. Mbilimbili. Safu sita, moja nyuma ya nyingine, na katikati wameacha njia. Mbele kabisa, upande wa kulia, pale anapokaa dereva, ilikuwepo alama moja peke yake.

Naomi akarudi kwenye kochi. Akamwamsha mumewe, akamwinua, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga. Nyuma ya suruali yake, kuanzia kiunoni mpaka mapajani, lilikuwa limeshika vumbi la uwanjani, bado lina joto la jua.