Mpe Mkono kwa Niaba Yangu

Hadithi hii msiisikilize huku mmeshikana mikono. Achianeni kwanza. Haya.

Walikuwapo ndugu wawili, mabinti wa seremala mmoja, na baba yao alishatangulia mbele ya haki. Mkubwa alichonga vijiko, miiko na mabakuli ya mti, ndiyo watu wakamwita Mama Vijiko. Mdogo alikuwa kitinda mimba, na jina la Kitinda likamganda hata alipoota mvi za kwanza. Yeye alisuka vikapu. Mume hana, shamba hana. Mkono wake wa kulia ndio ulikuwa mume, ndio ulikuwa shamba. Mkono ule ukiugua, chungu kinalala kifudifudi.

Walikaa nyumba moja, na binti wa Mama Vijiko, msichana aliyekwisha kuwa mkubwa, mwepesi wa kucheka. Kwa mama yake mdogo haambiwi kitu. Mama akikemea, anakwenda kujificha mgongoni kwa Kitinda.

Sasa, Mama Vijiko hakuzaliwa na ufundi. Baba aliwafundisha wote wawili, na kijiko cha mkubwa kilimwaga mchuzi kabla hakijafika mdomoni. Mzee akicheka anasema hicho ni kijiko cha kumlishia adui. Katika kujifunza huko tezo la kuchongea likamchana chini ya kidole gumba, likamwachia kovu lililopinda kama mwezi mchanga. Na kitu kimoja baba yao alikikataza asubuhi na jioni: chombo cha kazi hakipokewi mkononi. Mwenye nacho anakiweka mezani, anayekitaka anakiokota. Watoto walidhani ni kwa sababu ya kukatana.

Baba alipofariki, mkubwa akaenda maonyesho ya kazi za mikono, yale yanayokuja kila kiangazi na kuujaza uwanja mafundi na vyombo vya useremala. Akarudi na patasi yenye mpini mweusi, akarudi kimya. Tangu hapo kila alichokigusa kikawa kizuri. Bakuli lake ukilitia maji hutamani kunywa, unatamani kulitazama. Watu wakasema ni jitihada. Kitinda naye akasema ni jitihada. Mtu hamchunguzi ndugu yake kama anachambua mchele.

Kisha mkono ule ukaanza kupoa.

Baridi ya jiwe la kisimani. Kila jioni Kitinda alichemsha maji, akatia chumvi, akaukanda mkono wa dada yake kidole kwa kidole, akaufunga kitambaa kikavu. Jioni moja akaona lile kovu halipo. Akauliza. Dada akauvuta mkono, akasema kazi imelisugua mpaka limefutika. Kitinda akaamini, akaendelea kukanda.

Mwaka huo maonyesho yalipokuja, dada akasema yeye hajisikii. Akamtuma Kitinda akamletee mpini mpya wa patasi, kwa kuwa ule wa zamani umelegea. Fundi wa mipini yuko mwisho kabisa, nyuma ya wenye kerezo, zile mashine za kuchongea mviringo. Binti aliposikia akakurupuka, naye anataka kwenda. Mama yake akamkaripia kwa ukali ambao haukulingana na neno. Hata Kitinda akashangaa, hasira yote hiyo ya maonyesho tu?

Alipokuwa anavaa viatu, dada akamfuata mlangoni.

"Ukimwona huyo fundi, mpe mkono kwa niaba yangu."

"Nitampa."

"Usisahau kutamka. Kwa niaba yangu."

Salamu, jamani. Nani anakataa kubeba salamu?

Alipofika uwanjani jua lilikuwa linazama. Wengine walishaanza kufungasha. Hewa yote ilinuka maranda mabichi, gundi na vanishi. Misumeno imening'inia, tupa zimepangwa, mzee mmoja ananoa mashoka huku cheche zikimrukia ndevu wala hajali. Muuza randa akamwona Kitinda anapita, akamtania kwamba achukue randa moja, inanyoosha hata mume aliyepinda. Kitinda akamjibu kuwa mume hana, kwa hiyo ampe inayochonga mume mpya kuanzia gogo. Mafundi wakaangua kicheko. Naye akacheka, mkono wa kulia umefunika mdomo.

Shikeni hapo. Ni mara ya mwisho kucheka na mkono wake.

Akawapita wenye kerezo. Mlio wa mashine ukabaki nyuma, ukafifia, ukakatika mara moja kama mlango umefungwa.

Palikuwa na kibanda kimoja. Hakina taa. Kinauza mipini mitupu. Mipini imefungwa kwenye kamba, inagongana.

Tok.

Tok.

Na upepo haukuwepo.

Chini ya kamba amekaa fundi, mikono yake ameificha ndani ya aproni. Ukimtazama huwezi kusema ni mzee, huwezi kusema ni kijana. Kitinda akavuta pumzi, asikie harufu ya mti. Hakuna harufu ya mti pale. Palinuka maji ya moto na chumvi... na kitambaa kikavu. Palinuka jioni ya nyumbani kwao.

"Chagua," fundi akanong'ona.

Akashika mmoja. Ulikuwa na mabonde ya vidole, kama umetumika miaka. Akashika wa pili, mabonde madogo, ya mtu mwembamba. Wa tatu una alama ya pete. Akashika wa nne, ukamkaa kiganjani vizuri sana. Akaubana kidogo kuupima.

Nao ukambana.

Akauachia. Fundi akatoa mkono wa kushoto kwenye aproni, akautungua mpini uleule, akamnyooshea. Kitinda akalikumbuka katazo la baba yake.

"Uweke mezani," akasema.

Fundi akatabasamu. "Baba yenu aliwafunza. Mkubwa wako hakusema hivyo."

Akauweka mezani. Kitinda akauokota kwa pembe ya mtandio, akaufunga, akageuka. Mwili wote ulikuwa unamwambia nenda, nenda. Akapiga hatua zake, akaanza kusikia tena sauti za watu kwa mbali. Ameshapona, mnaona? Ameshatoka.

Ila alikuwa na adabu. Akakumbuka kwamba ametumwa.

Akarudi kwa miguu yake mwenyewe.

"Samahani, fundi. Nina salamu. Nakupa mkono kwa niaba ya dada yangu."

Fundi akautoa mkono wa kulia ndani ya aproni, taratibu. Kitinda akaushika. Ulikuwa wa moto. Laini. Na mdogo, mbona mdogo hivi kwa mwanamume? Kidole chake kikagusa kitu kimepinda, chini ya gumba. Akatazama.

Kovu.

Kama mwezi mchanga.

Akajaribu kuutoa wake. Haukutoka. Fundi akamsogelea sikioni, na pumzi yake haikuwa na joto lolote.

"Nilimwambia mkubwa wako, ukiutaka wako, niletee mwingine. Lakini uwe wa anayekupenda. Asiyekupenda hatanipa." Akaubana kidogo. "Na wewe ukichoka na mkono nitakaokupa, njia unaijua."

Ndipo akamwachia.

Jinsi alivyofika nyumbani hakujua. Mkono ulikuwepo, una vidole vyake, una kucha zake. Lakini baridi ilikuwa imeingia kwenye kucha, inapanda.

Alimkuta dada yake jikoni, anakoroga chungu. Kwa mkono wa kulia. Kitambaa kimetupwa sakafuni. Anakoroga kwa nguvu, anakoroga kwa furaha, na mwanga wa moto ukipita chini ya gumba unaliona kovu limekaa mahali pake. Mpini hakuuulizia. Wala hakugeuka.

"Dada," Kitinda akasema. "Ulijua."

Mwiko ukasimama.

"Ningemtuma nani?" dada akanong'ona. "Mwanangu?"

Kitinda akangoja. Alidhani kuna neno jingine linakuja nyuma ya hilo. Wallahi alingoja. Dada akaendelea kukoroga, kisha akasema polepole, kama mtu anayesifia:

"Mwingine wa kunipenda sikuwa naye."

Jioni hiyo Kitinda alichemsha maji mwenyewe, akatia chumvi mwenyewe, akatumbukiza mkono. Akaukanda kwa ule wa kushoto. Dada yake alikuwa amekaa hapo hapo, anakula. Hakunyanyuka.

Kuanzia hapo ukindu haukumtii tena. Vidole vilikaa juu ya kikapu kama vijiti vya kuwashia moto. Kusuka vilisahau, kufunga fundo vilisahau. Lakini ukiacha patasi karibu, vinaifuata. Akichonga, kitu kinatoka kizuri hata kinatisha. Watu wakamsifu, wakasema hatimaye amerithi ufundi wa baba. Vijiko vya dada vikarudi kumwaga mchuzi. Na Kitinda akilala, mkono unabaki macho. Unagonga ubao wa kitanda.

Tok.

Tok.

Kumwambia mtu, hakumwambia. Angesema nini? Ameibiwa mkono, na mkono anao?

Kiangazi kikarudi na maonyesho yake. Binti akajipamba, akaja kibarazani anacheka.

"Mama mdogo, mwaka huu naenda, atake asitake. Nikuletee nini? Nimsalimie nani?"

Kule mlangoni bakuli likaanguka. Dada alikuwa amesimama pale. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mdogo wake usoni tangu jioni ile. Macho yalikuwa yanaomba.

Na Kitinda, wanangu, maneno yalimjaa kinywani. Yalikuwa yameshapangika, yote, matamu kama asali ya wizi. Mpe mkono kwa niaba yangu. Angeyatamka tu. Wa kwake ungerudi. Na dada mtu angejua jambo hilo linakata mahali gani.

Akamtazama msichana. Akayameza, moja moja, kama miiba ya samaki.

"Usimsalimie mtu," akasema. "Usimpe mtu mkono. Nenda, urudi."

Dada akashusha pumzi, akajishika kwenye mlango.

Ila ule mkono haukuwa wake. Wala haukumeza kitu.

Ukajisogeza ndani ya mtandio. Ukatoka wenyewe. Ukanyooka mbele ya msichana, kiganja wazi, unangoja. Kitinda akaushika kwa kushoto auvute, ukamshinda nguvu. Akafungua kinywa amwonye.

Msichana akacheka. "Haya basi, tuagane."

Akanyoosha wake.

Aliyenisimulia mimi aliishia hapo. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwepesi wa kucheka. Nikamuuliza kisha ikawaje, akauvuta mtandio juu ya mkono wake wa kulia. Nilipomuaga nilimnyooshea mkono, si ndiyo adabu? Aliutazama mkono wangu muda mrefu, machozi yakamlenga.

Wa kwake hakuutoa kwenye mtandio. Lakini niliuona unasukuma nguo.